Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Ngoma ilikatika ghafla, na Rukia akajua. Mama wa mtoto mwenye kifafa haambiwi. Alizitupa kanga za tuzo alizokuwa amebeba, akakimbilia uwanjani.

Asia, mwanawe, ndiyo kwanza alikuwa akitolewa unyago hapo Nanyamba. Sasa alikuwa chini vumbini, mwili unatikisika, povu linamtoka. Na wale wanawake waliokuwa wakimwimbia kwa vigelegele wote wamerudi nyuma! Povu, ati, litawaambukiza. Aliyesogea ni Bi Fatuma peke yake, wifi yake Rukia na somo aliyemfunda mwali, naye amenyoosha kijiko, anataka kumpenyezea mtoto katikati ya meno.

"Ondoa kijiko chako!" Rukia alifoka. "Utamvunja meno!"

Alimwekea kanga chini ya kichwa, hakumbana. Mtikisiko ulipotulia akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa kiganja, kusudi waone.

"Dawa alikunywa?"

Bi Fatuma akatazama pembeni. "Wifi, mwali hali vidonge vya hospitali. Miiko yetu unaijua. Nilivichomeka kwenye makuti ya paa, akitoka nikurudishie."

Vidonge vile Rukia alimkabidhi mkononi, akamsihi asiruke hata jioni moja. Mwaka mzima Asia hakuwa ameanguka. Mwaka mzima! Na huyu aliyeitikia "nimesikia, wifi" akaenda kuwalisha mchwa.

Asia alizinduka taratibu, akaketi, akaomba maji. Mtu mmoja akasukuma kwa mguu kikombe cha bati, kwenye kishikio kimefungwa uzi mwekundu.

"Uzi wa nini?" Rukia aliuliza.

"Kisichanganyike na vyetu," Bi Fatuma alisema kwa sauti ndogo.

Kumbe wimbo wote ule, na mtoto ananyweshwa kama mbwa! Asia akanywa, macho chini kwa aibu. Rukia akakipokea, akanywa palepale alipoweka mdomo mwanawe, akabakiza funda moja. Akamsogezea wifi yake.

"Kunywa."

"Wifi, watu wanatutazama."

"Ndiyo nataka. Kunywa. Ukianguka nitakushika mimi, sitakukimbia."

Bi Fatuma alikipokea, akafumba macho, akameza. Uwanja mzima ukamkodolea, ukisubiri. Hakuanguka.

"Haya," Rukia alisema. "Sasa kapekue makuti yako, uniletee dawa ya mwanangu."