Matofali ya Nyumba ya Mizani

Mimi Jairo sina digrii. Nina darasa la nne, miwani niliyonunua mnadani, na kitabu cha sheria za ujenzi nilichokisoma mpaka jalada likang'oka. Vitu hivyo vitatu vinatosha kumkosesha mtu usingizi. Kamuulizeni yule mwenyekiti aliyetaka kuuza kisima chetu mwaka 1986.

Jumatatu ile nilikuwa nageuza kahawa kichanjani nikasikia nyundo kwa jirani. Jirani yangu ni Nyumba ya Mizani. Hapa Mlowo nani asiyeijua? Baraza refu linalotazama barabara, matofali mekundu makubwa, na ndoano ya mizani bado inaning'inia kwenye boriti. Wazazi wetu waliijenga mwaka 1959 wapate mahali pa kupimia kahawa yao bila kupunjwa. Kila kaya ilileta matofali mia, na ili wavivu wajulikane, kila kaya ilitia alama yake kwenye tofali bichi kabla ya kulichoma. Wengine walitia dole gumba, wengine gunzi la mahindi. Mama yangu alichagua punje tatu za kahawa. Mkono uliozikandamiza ni huu wangu, nikiwa na miaka mitano, umeshikwa na wake. Picha ya mama sina. Nina matofali hayo kwenye ukuta wa baraza.

Nikachungulia juu ya ua. Fundi Deus yuko kwenye ngazi anang'oa bati la baraza. Chini amesimama Ruti, aliyeirithi nyumba kwa babu yake, mpima mizani ambaye wazazi wetu walimwachia. Ruti anafanya biashara Tunduma na akikasirika huchanganya Kibemba. Aliniamkia vizuri tu, akasema baraza limeegemea, analibomoa, anaweka fremu nne za maduka.

"Kibali kiko wapi?" nikauliza.

"Baba, hii ni nyumba ya babu yangu."

"Sikuuliza ni ya nani."

Nikamkumbusha kwamba babu yake mwaka 1974 alikataa hata kupigilia msumari kwenye ukuta ule. Deus naye nikamkumbusha ukuta alioujenga 2009 ukaangukia mbuzi wa watu. Deus akashuka ngazi taratibu, akasema yeye atakuwa anakula mihogo mpaka tuelewane.

Hatukuelewana. Nikaandika barua ya kurasa tatu, nikampelekea mtendaji, kijana anaitwa Brayson. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniomba nimfupishie. Nikamwambia huo ndio ufupisho.

Jumatano akaja na kopo la rangi nyekundu. Ruti hakuwa na kibali, hivyo kazi ikasimamishwa, na Brayson akachora X kwenye ubao wa jukwaa la fundi, maana matofalini nilimzuia kwa mwili wangu. Sitaficha, nilifurahi. Nilikohoa kama mbunge.

Ruti hakupiga kelele. Alimwomba mtendaji, kwa kuwa ameshafika, atazame na upande wa pili wa ua. Upande wa pili ni banda langu la nguruwe. Brayson akaniuliza kibali cha banda, akaniomba nimsaidie kutafuta ukurasa unaohusika, maana kitabu ni changu. Nikautafuta. Upo.

Ruti alikuwa ameshainama kwenye ukuta wa banda.

"Baba Imelda," akaniita kwa jina la binti yangu, "hizi punje tatu za kahawa zimefikaje kwa nguruwe?"

Nina kumbukumbu ndefu, na siku ile niliiona kuwa mzigo. Mvua za El Nino, mwaka 1998, ziliangusha jiko la nyuma la Nyumba ya Mizani. Wenyewe walikuwa wameshahamia Tunduma. Nikayaokota matofali mchana kweupe, toroli kwa toroli, na kila aliyeuliza nilimwambia nayahifadhi. Na kweli niliyahifadhi. Halafu nguruwe jike akazaa watoto kumi na mmoja, wakakosa pa kulala. Mke wangu Tabita alinionya siku zile kwamba huwezi kulaza nguruwe juu ya mkono wa mama mkwe wake. Sasa alikuwa kichanjani akigeuza kahawa iliyokwisha kugeuzwa, mabega yanacheka.

Banda likapata X yake. Hakuna aliyelikinga kwa mwili.

Hapo Deus akaja na muhogo wake mkononi. Akaeleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza. Kona ya baraza iligongwa na lori. Matofali ya siku hizi ni madogo, hayashikani na yale ya zamani, ndiyo maana alimshauri Ruti abomoe lote.

"Ningekuwa na mia mbili ya haya," akasema, akigonga banda langu kwa mwiko, "kona ile ningeiziba kwa siku tatu."

Sote tukawatazama nguruwe. Ruti akasema baraza litabaki endapo fremu zitajengwa nyuma, pale lilipoanguka jiko, na kwa kibali. Matofali niyarudishe mimi mwenyewe, kwa toroli lile lile, mchana kweupe vile vile. Na barua ya kuomba kibali niandike mimi, kwa sababu nina wino wa ziada.

Nilikuwa na hoja nne za kumjibu. Mbili zilikuwa nzuri. Lakini nguruwe mmoja alikuwa anajikuna mgongo kwenye zile punje tatu, taratibu, kwa raha zake.

"Leteni toroli," nikasema.

Nilibomoa siku mbili. Barabarani waliniuliza ninapeleka wapi, nikawajibu narudisha, na kila mmoja akaomba nirudie kwa sauti. Kibali cha Ruti kilipotoka, Deus akajenga kona kwa siku tano, siyo tatu, nimeandika. Matofali aliyapanga alama zikitazama nje. Lile la mama, Ruti mwenyewe alimwelekeza aliweke usawa wa mkono, karibu na mlango. Vile vishimo ni vidogo sasa, ncha za vidole vyangu haziingii. Nikavifunika kwa kiganja tu, nikasimama pale mpaka Deus akaniomba nimpishe.

Kibali cha banda langu bado sijapata. Nguruwe wanaishi kwenye stoo ya Ruti hapo jirani, na kila asubuhi anawaamkia wao kabla ya kuniamkia mimi. Kuhusu ucheleweshaji huo nimemwandikia Brayson kurasa nne. Ufupisho hakuna.