Chungu cha Misuko

Jina la Mama Simenti alipewa na majirani wa ghorofa ya tatu, naye akalipokea kama watu wanavyopokea cheo. Alikuwa amehamia kwa mwanawe baada ya magoti kumgomea, akakuta nyumba ya vyumba viwili, dirisha moja la sebuleni linalopata jua, na hakuna udongo hata wa kujaza kiganja. Mwanawe, dereva wa malori, alikuwa mtu wa safari. Mkamwana wake, muuguzi, alitoka asubuhi na kurudi jioni miguu imevimba. Mama wa watu akabaki na televisheni, na haukupita muda akaanza kugombana na watangazaji.

Ndipo akaanzisha bustani yake ya ndani. Vyungu vya dukani aliviona vibaya, basi akatengeneza vyake. Alikoroga simenti na maji hadi ikawa kama uji mzito, akachovya tambara nene, akalikamua kidogo na kulifunika juu ya ndoo iliyopinduliwa. Likikauka, aliligeuza, akatoboa tundu la kutolea maji, na tambara likawa chungu chenye mikunjo, kana kwamba mtu amevua sketi ikabaki imesimama. Alikiosha na kurudia kukiosha, maana simenti mbichi huunguza mizizi, kisha akapanda. Taulo kuukuu lilibeba mchicha. Pazia lilibeba vitunguu vya majani. Suruali ya mwanawe, ambayo mwenyewe alikuwa bado anaitafuta, ilibeba mnanaa.

Lakini kilichosifiwa na kila aliyeingia ni chungu cheupe cha katikati ya dirisha, chenye misuko iliyoshuka kutoka juu hadi chini kama nywele zilizosukwa. Kila kiliposifiwa, Mama Simenti aliangalia pembeni.

Ilikuwa hivi. Siku moja mkamwana alimwambia akiwa mlangoni, mkoba begani, "Mama, kuna matambara juu ya kabati, kwenye mfuko mweusi. Yatumie yote." Juu ya kabati kulikuwa na mifuko myeusi miwili. Aliouvuta kwanza ulikuwa na blanketi dogo la sufu ya bluu, limefumwa kwa mkono kwa misuko minene. Mama Simenti alilishika, akaligeuza. Halikuwa tambara, na yeye hakuwa mtoto asiyejua tambara likoje. Lakini macho yake yalishaona jinsi misuko ile itakavyotokeza kwenye simenti, na tamaa ikamnong'oneza kwamba watu wa mjini hutupa hata vitu vizima. Angeweza kusubiri jioni akauliza. Akalichovya.

Baadaye, akitafuta matambara mengine, alifungua mfuko wa pili akakuta mashuka yaliyochanika na soksi zisizo na wenzake. Hayo ndiyo matambara aliyoambiwa. Siku hiyohiyo alikipaka kile chungu rangi nyeupe, mara mbili, ili rangi ya sufu isionekane popote, na humo akapanda nyanya.

Kisha mkamwana akapanda kiti kutafuta blanketi. Lilikuwa la marehemu mama yake. Alilifuma akiwa kitandani hospitalini, na ndilo lililomfunika hadi mwisho.

"Mama, hujaliona?"

"Mimi? Sijaliona, mwanangu," alisema Mama Simenti kwa uso mkavu. Akajitia hamnazo hadi akasaidia kutafuta, akainama chini ya kitanda na magoti yake yale mabovu, akipapasa sakafu ambayo alijua haina kitu.

"Basi ni mdogo wangu," alisema mkamwana. "Tangu msibani alikuwa analitaka. Ana ufunguo wa hapa, ameingia akalichukua."

Hao ndugu walikuwa wawili tu, baba na mama hawapo. Mama Simenti alisikia simu ile kupitia mlango wa chumba: kwanza sauti ya chini, kisha ya juu, kisha neno mwizi. Baada ya hapo mdogo mtu hakuja tena kula wala kupiga simu, na mkamwana akawa anakula huku anatazama ukuta. Roho ilimsuta mama mtu mchana kutwa. Kila jioni alijiapia atasema, na kila jioni ulimi ukawa mzito. Atasemaje? Yeye aliyefika na kuanza kumfundisha binti wa watu jinsi ya kukunja shuka, leo akiri kwamba ameitia simenti mali ya marehemu, tena akadanganya? Aibu ya kosa ilikuwa ndogo. Aibu ya uongo ndiyo iliyokuwa inanenepa, na yeye ndiye aliyekuwa akiilisha.

Mdogo mtu alikuja Jumamosi moja bila kuitwa. Alikuwa mfumaji wa sweta za shule, msichana mpole. Alisema amekuja kuyamaliza. Mkamwana alikuwa bafuni, basi Mama Simenti akamkaribisha kiti cha dirishani na kukaa naye.

Mgeni alinyoosha mkono kwenye chungu cheupe, kama kila mtu. Kidole kikashuka na msuko mmoja, kikahamia wa pili, kikafika wa mwisho, kikasimama.

"Huu umegeukia kushoto," alisema taratibu. "Yote inageukia kulia, huu kushoto. Nilimwambia mama afumue, akanijibu hana muda wa kufumua."

Akamtazama Mama Simenti. Mama Simenti akatamani ardhi ipasuke immeze, ila chini yake hakukuwa na ardhi, kulikuwa na ghorofa ya pili.

Mkamwana akatoka, akasimama katikati ya sebule. "Umelileta?"

Mdogo mtu aliondoa kidole kwenye chungu. "Sijalileta, dada. Nililichukua kweli, limenipotea. Nisamehe."

"Limekupotea." Mkamwana alienda mlangoni akaufungua wazi. "Weka ufunguo wangu mezani. Usirudi hapa."

Msichana akaweka ufunguo, akachukua mkoba. Hakumtazama tena mama yule, na huko kutotazamwa ndiko kulikomchoma. Ana miaka yote hiyo, na sasa anafichwa nyuma ya mtoto.

"Kaa chini, binti," alisema, kisha akamgeukia mkamwana. "Mwongo ni mimi. Blanketi ni hicho chungu. Nililitoa kwenye mfuko, nikaona si tambara, nikalichovya hivyohivyo. Uliponiuliza nikakana. Ulipomwita mwenzio mwizi nilikusikia, nikanyamaza."

Mkamwana hakupiga kelele. Alienda dirishani, akakwangua rangi kwa ukucha hadi uzi mmoja wa bluu ukachungulia. Akapapasa msuko wa mwisho, kwenda na kurudi.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" alimuuliza mdogo wake bila kugeuka.

"Wewe unaishi naye. Mimi naenda kwangu."

Mama Simenti alingoja kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa. Alichosikia ni ndugu wawili wanalia kwa sauti ndogo, wameshikana mabega, wamempa mgongo. Alipoona hana pa kuweka mikono, akachukua kikombe cha kumwagilia, maana ndiyo saa yake, akaanza na mchicha. Alipofika katikati ya dirisha, mkamwana akamshika mkono, akakichukua kikombe polepole, kwa adabu ileile ya siku zote.

"Hiki nitamwagilia mimi, Mama," alisema. "Wewe usikiguse."

"Sawa," alijibu Mama Simenti. Alitaka kuongeza neno mwanangu, kama alivyozoea, akaona hana ruhusa.