Intavyuu na Zimwi

...na huyu zimwi naye anataka nini tena, mkate kapewa, mwenge kapewa, bado kasimama katikati ya korido kama mlinzi wa geti, hapiti wala hapishi, Anuari akabonyeza tena kitufe cha kuongea, maana huo ndio uzuri wa hili gemu la kale alilolikuta ndani ya kompyuta ya steshenari iliyofungwa, sasa iko chumbani mwake, halikulazimishi kuua, unaweza kubembeleza, umetupwa mahandakini kwa kosa usilolifanya, usipokula unadhoofika, mwenge ukiisha ni giza kweli, picha zenyewe mabonge mabonge lakini ukizama unasikia hadi ubaridi wa ukuta... shahada ya uhusiano wa umma, upper second, hatimaye imepata kazi, kushawishi mazimwi... "Mpwa wangu yuko wapi?" Mjomba Ramadhani huyo uani, kaja mpaka Nachingwea kutoka Mbwemkuru na kile kikohozi chake, miaka yote kapulizia mikorosho salfa bila hata kitambaa puani, sasa kifua kimegoma, na msimu wa kupulizia dawa ndio unaanza, anataka jibu leo, na kwao shamba linakwenda kwa mtoto wa dada, Anuari akikataa atapewa mtoto wa mama mdogo, and so what, alichukue tu, kwani nani alisomea mikorosho... "Usiingie, kaka!" mama yake, Mwanne, haraka haraka, "yuko kwenye intavyuu. Siku hizi wanafanyia humohumo kwenye kompyuta. Na wazungu." Mama! Wazungu gani, huyu ana pembe... "Wazungu?" "Eee. Wamemtafuta wenyewe." Anuari akangoja mjomba acheke, mjomba ana ulimi, mwaka jana msibani Naipingo alimuuliza mbele za watu, hiyo digrii yako tukiichemsha itashibisha wangapi, na palepale Anuari aliapa hatagusa mti wa mtu huyu, acheke basi, hasira ipate pa kukaa, lakini mjomba akanong'ona, yeye ambaye akiita mbuzi husikika kijiji cha pili, "basi tunyamaze, dada, tusimharibie kijana," kikohozi kikamjia, akakiminya, kikawa kinagonga ndani kwa ndani, mzee anajinyima pumzi kwa heshima ya zimwi, oh my God, na kutoka haiwezekani, akitoka sasa mama anakuwa mwongo mbele ya kaka yake, inabidi intavyuu iwepo, ianze, iishe, "Yes sir," akasema kwa sauti ya kufika uani, "good afternoon sir," zimwi akamkodolea macho, "I am hardworking, sir, I am a team player," maneno aliyoyasema kwenye viyoyozi vya watu mpaka yakaisha ladha, amechoka, jamani, uani kikohozi kinaminywa tena, "my weakness? Pride, sir," hilo halikuwemo kwenye mazoezi, limetoka lenyewe, akaitafuta ile hasira ya msibani akakuta kifua cha mtu tu, kinavuma, "no sir... no, thank you," Kiingereza kikamwishia, akapaza sauti kwa Kiswahili wasikie vizuri, "nashukuru kwa nafasi, mkuu, ila mjomba wangu ana mikorosho Mbwemkuru, na dawa inaanza," zimwi bado kaziba korido, Anuari bado kakaa kitini, na kule uani, kwa mara ya kwanza, mzee akakohoa mpaka mwisho.