Kondoo wa Mzee Kihara Kwenye Intaneti

Kupiga picha si kazi. Kazi ni kuiuza. Mtu akiwa harusini anakushika shati, "Nipige na shangazi, nipige na keki," anavuta tumbo ndani, anacheka mpaka meno ya nyuma. Wiki inayofuata ukimpelekea picha nyumbani anaitazama kama umemletea samansi ya korti.

"Huyu si mimi."

"Ni wewe."

"Mimi siko na shingo kama hiyo."

Basi unarudi nayo. Studio yangu pale Nyeri mjini ilijaa makatoni ya watu waliokataa shingo zao.

Aliyenitoa huko ni Wendy. Alikuwa na ofisi ya kompyuta ghorofani, juu ya studio yangu, akichapia watu barua za kuomba kazi na kutoa fotokopi. Mwaka wa tisini na tisa akaleta intaneti. Ilipita kwenye waya wa simu, kwa hivyo intaneti ikiwa ndani, simu haiingii, na simu ikiwa ndani, intaneti inangoja nje. Mimi niliacha shule darasa la sita, na sioni haya kuuliza. Nikamuuliza hicho kitu kinafaa nini.

"Watu wa hapa hawanunui picha zako kwa sababu harusini walikuwako," akasema. "Muuzie mtu ambaye hakuwako."

"Nani?"

"Aliye Amerika. Kila boma hapa liko na mtu huko, anaosha wazee wa wenyewe na kulilia ugali. Huyo atanunua hata picha ya choo cha kwao."

Tukaanza hivyo. Mimi napiga, Wendy anaweka picha kwenye mashine ya kuzisoma, anazipandisha kwenye ukurasa wetu. Mteja anaziona huko aliko, anachagua, anaandika anataka zipi, nasi tunazisafisha kubwa na kuzituma kwa posta. Ili asizichukue bure, Wendy aliandika jina la studio katikati ya kila picha, kwa herufi nene nyeupe: MURIITHI PICHA SAFI, kutoka shavu hili mpaka shavu lile.

"Umemziba bibi harusi macho," nikamwambia.

"Atafunguliwa akinunuliwa."

Kutangaza nilitangaza mwenyewe. Kila sherehe nilimpa mshereheshaji karatasi asome: "Mwenye mtu ng'ambo achukue anwani kwa Muriithi, yule mwenye kofia nyekundu." Mara watu wakaacha kunikimbia. Wamama wa Ruring'u, pale nje ya mji, walianza kuvaa kwa ajili ya Amerika. Mzee mmoja alinishika mkono akitaka nimpige akiwa amekonda, ili mtoto wake aone huruma.

Sasa, Mzee Kihara wa Ruring'u alikuwa na mabinti wawili, Judy na Ngendo. Judy alitolewa mahari mwezi wa nne, na nikapiga picha. Mahari ya kwetu hayaendi bila ngoima, yaani kondoo dume aliyefungiwa ndani akalishwa mpaka anatembea kama mwenyekiti. Wa Judy alikuwa mkubwa, sikio moja jeusi, pembe ya kushoto imevunjika ncha. Kondoo huyo si halali ya baba peke yake. Anachinjwa, na wazee wa mbari, ukoo mzima, wanakaa wanakula mpaka waishe wao au aishe yeye.

Ila hawakumla. Kabla ya siku ya kuchinja, Kihara alituma habari kwamba kondoo amevimba tumbo na kufa, na amezikwa kwenye kahawa. Wazee walifika kumpa pole. Wakanywa chai kavu, wakarudi kwao wakiwa na huzuni ya kweli.

Mwezi wa nane ikawa zamu ya Ngendo. Kijana aliyemtaka alikuwa Kinoti, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano huko Timau. Mmeru, mpole, mikono yake haitoki girisi hata kwa sabuni ya kipande. Alifika na ndugu zake kwa pikapu, na nyuma ya pikapu amesimama ngoima amevishwa utepe.

Wakafungua mlango wa nyuma. Kondoo akashuka. Hakungoja kuonyeshwa kitu. Aliwapita wazee, akawapita wanawake na nyimbo zao, akazunguka nyumba, akasukuma mlango wa zizi kwa kichwa, akalala kwenye kona.

"Amekubali nyumba!" wanawake wakapiga vigelegele. "Hiyo ni baraka!"

Nilimkimbilia nikampiga picha akisukuma mlango, Kihara kasimama kando yake. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Kihara peke yake hakuwa anacheka. Mkewe, Mama Judy, alikuwa ameingia jikoni na leso mdomoni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia kwa furaha ya binti.

Harusi ya kanisani ikapangwa Disemba, na kondoo akabaki zizini kungoja siku hiyo. Ndugu yake Kihara, Ngatia, aliye Boston, aliona ukurasa wetu na kuandika kwamba atanunua albamu nzima ya harusi ya Ngendo, na kwamba watu wa Nyeri walio huko wanangoja kuona yake ndipo waagize zao. Nikaelewa vizuri. Albamu hiyo ikitoka, nina biashara. Isipotoka, narudi kwenye shingo za watu.

Nikamwambia Wendy apandishe picha zetu bora kabisa ziwe kivutio. Akaweka ya Judy na ya Ngendo, kando kwa kando. Ya Judy, Kihara amemshika kondoo pembe. Ya Ngendo, kondoo anasukuma mlango. Jina langu likapita juu ya uso wa Kihara katika picha zote mbili. Kwa kondoo halikufika, maana yeye ni mfupi.

Siku chache baadaye Wendy akaniita kwa kugonga sakafu na kiatu. Nikapanda mbio.

"Ni Boston," akasema, akaniwekea simu sikioni.

"Wewe ndiye Muriithi?"

"Ni mimi, mzee."

"Napiga tangu asubuhi haishiki! Sasa niambie. Unauza picha za wafu?"

"Wafu gani, mzee?"

"Hiyo kondoo! Kihara aliniambia imekufa. Niliitisha maombi hapa, Muriithi. Watu walisimama. Sasa naona imefufuka mwezi wa nane ikiwa na utepe!"

"Labda inafanana."

"Sikio jeusi? Pembe? Wewe umeandika jina lako juu ya kila mtu mpaka kitu pekee kinachoonekana ni kondoo. Nimeitazama wiki nzima. Mwambie ndugu yangu nataka jibu. Kabla ya hapo sinunui hata picha ya kidole."

Akakata. Wendy akaweka simu chini polepole.

"Nizitoe kwenye ukurasa?"

"Ameshaona."

"Ameshawaonyesha na wengine. Watu wameandika kutoka Texas wakiuliza bei ya kondoo."

Nilikwenda Ruring'u kwa miguu ili nipate la kusema njiani, sikulipata. Nikamwambia Kihara kama nilivyoambiwa. Aliondoa kofia, akairudisha.

"Ni huyo Mmeru," akasema. "Ameniletea mnyama anayefanana na marehemu. Hiyo ni mkosi. Ati nimpe mtoto wangu kwa mkosi? Harusi isimame mpaka alete mwingine. Na wewe toa hizo vitu kwa intaneti."

Kutoka hapo habari ikakimbia. Ngendo akaja studio, hajachana nywele, akaegemea kaunta.

"Mwenye picha, uko na negative?"

"Niko nazo."

"Safisha kubwa. Bila jina lako la upuzi. Jumamosi wazee wanakaa, na Kinoti ameitwa."

"Huyo ni baba yako, Ngendo."

"Na Kinoti ni bwana yangu. Alienda mpaka Kiriaini kutafuta hiyo kondoo, kwa sababu aliambiwa huko ndiko wananenepesha vizuri. Akaipeleka mpaka Timau, akalala nayo kwa stoo wasiibe. Sasa aitwe mkosi?"

Jumamosi nikaingia uani kwa Kihara nikiwa na bahasha. Nilijua nikisema ninachokiona, nampoteza mwenye harusi. Nikinyamaza, nampoteza Ngatia, na harusi yenyewe haipo. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, katikati yao Gicheru, mkubwa wa mbari, miwani nene kama chini ya chupa. Kinoti alikuwa kwenye benchi peke yake, suti ya kuazima, mikono kati ya magoti.

"Kijana," Gicheru akamwambia, "hiyo kondoo uliipata wapi?"

"Kiriaini, mzee. Kwa mtu anaitwa Moffat. Aliniambia imetoka boma ya heshima sana huku Nyeri."

Mtu mmoja akakohoa. Kihara akatazama mti wa parachichi.

"Lete picha," Gicheru akaniambia.

Nikampa. Aliziweka magotini, akainama mpaka pua ikagusa. Akaangalia ya Judy. Akaangalia ya Ngendo. Akarudi kwa ya Judy.

"Kihara, unasemaje?"

"Kondoo wote wanafanana, mzee."

"Mwenye picha, nawe unasemaje? Wewe ndiye ulikuwa na macho."

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno, hata yanaponiumiza. "Hawa hawafanani," nikasema. "Huyu ni mmoja."

"Unasikia huyo!" Kihara akasimama. "Mtu wa kupiga mabibi harusi leo anajua mifugo! Nimekufukuza kwa harusi yangu!"

"Harusi gani, baba?" Ngendo akauliza akiwa mlangoni. "Si umesema hakuna?"

Wakaanza kupigiana kelele, huyu anasema pembe, yule anasema kivuli cha picha, mwingine anasema kamera za siku hizi zinadanganya. Hapo Mama Judy akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka kabisa. Mnabishana juu ya mtu mwenye jina lake."

"Jina gani?" Gicheru akauliza.

"Huyo wa Judy nilimlisha mimi kwa mkono huu. Nilimwita Mheshimiwa, maana alikuwa anakula na hafanyi kazi. Nikimwita aliitika." Akageukia zizi, akapaza sauti. "Mheshimiwa!"

Nyuma ya nyumba kukatoka mlio mrefu, mzito, wa mnyama aliyeshiba na anayemjua mwenyewe. Kisha tukasikia kichwa kikigonga mlango wa zizi.

Mama Judy akarudi jikoni kukanda unga wake.

"Kihara," Gicheru akasema taratibu, "mimi nilikuja hapa kukupa pole. Nilivaa koti."

Kihara akakaa. "Nyinyi mnakula sana," akasema, akitazama viatu vyake. "Nilihesabu watu wa mbari, nikaona nitabaki na ngozi na kwato. Moffat akapita na lori. Nikamwambia ampeleke mbali, mahali hakuna mtu wetu. Ningejuaje mtu atatoka Timau kwenda kumnunua Kiriaini?"

"Na alipokuja, ukanyamaza."

"Ningesema nini mbele ya wageni? Nimkaribishe kwa jina?"

Mzee mmoja alianza kucheka akijificha kwenye fimbo yake, wa pili akashindwa kujizuia, na mara ua mzima ukawa hauna adabu. Hata Kinoti alicheka, kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa. Ila Gicheru hakucheka. Yeye alikuwa anafikiria nyama ya mwezi wa nne.

Akatoa hukumu. Kinoti hana kosa, mahari yake ni safi, harusi iko palepale. Mheshimiwa atachinjwa asubuhi ya harusi, wazee wakiwa wote. Na kwa kuwa mbari ilinyimwa karamu ya Judy, Kihara atatoa kondoo wa pili kutoka zizi lake, mnene, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwenye intaneti.

"Na Ngatia?" nikauliza. "Yeye anataka jibu."

"Ngatia utampigia picha," Gicheru akasema. "Aone mwenyewe."

"Si huyu amenifukuza?"

Gicheru akamtazama Kihara. Kihara akapunga mkono. "Apige. Kila kitu changu kiko Texas tayari."

Ndivyo ilivyokuwa Disemba. Nilimpiga bibi harusi akitoka nyumbani, nikampiga akiingia kanisani, nikampiga Kinoti akishindwa kuvua glavu nyeupe alizovaa kuficha girisi. Lakini kabla ya yote hayo, kukiwa bado na umande, nilisimama nyuma ya nyumba na kumpiga Gicheru akiwa ameinua kichwa cha kondoo kwa mikono miwili, sikio jeusi upande wa kamera, pembe iliyovunjika ikionekana vizuri. Wazee wamejipanga nyuma yake kama timu ya mpira. Kihara yuko pembeni na kisu, hana raha. Mama Judy hakutaka kuwa kwenye picha, na mchana hakula nyama. Alisema hawezi kumla mtu aliyekuwa akimwitikia.

Jumatatu nikampandishia Wendy filamu zilizosafishwa. Aliziweka kwenye mashine moja moja. Alipofika kwa ile ya kichwa, akasimama.

"Hii jina lako nilipitishe wapi?"

"Popote," nikasema. "Usiguse pembe."

Ngatia akaagiza albamu nzima wiki hiyo hiyo, na watu wa Boston wakafuata nyuma yake. Picha ya bibi harusi Ngatia aliitaka saizi ya kawaida. Kichwa cha Mheshimiwa alikitaka kikubwa, cha kutundika ukutani.