Mkono Wangu na Jibini Iliyovimba

Jibini ilipovimba tena, Papa Bisengimana, mwenye kiwanda chetu kidogo cha jibini, aliinyanyua mbele yetu sote na kuigonga kwa kidole. Ililia kama ngoma. Jibini nzuri ya kwetu Kirolirwe hailii. Inakuwa nzito na kimya, tena bapa juu na chini. Hii ilikuwa imefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

"Tangu Annonciata aingie hapa, fromaji inavimba," alisema, akanigeukia mimi. "Mimi siko mubaya, mwanangu. Lakini kuko bantu wenye mukono ya moto. Ikivimba mara ingine, utabaki kwenu."

Mimi si mtu wa kujibu. Shule niliiacha darasa la nne, na nikiulizwa kitu mbele ya watu, maneno yananipotea. Lakini kazi ile niliipenda sana. Nilipenda joto la maziwa asubuhi, na namna yanavyoganda taratibu mpaka kisu kinapita ndani yake bila sauti. Niliangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Kesho yake pikipiki ilimshusha mgeni mlangoni petu. Alikuwa msichana mwenye mabuti ya matope na sanduku la barafu begani.

"Naitwa Agathe, natoka iniversite. Niko mwanasayansi. Nachunguza vijidudu vya maziwa."

Rutayisire, anayetuletea maziwa kutoka vilimani, alikuwa anashusha mzigo wake. Alicheka.

"Wewe? Wanasayansi si njo wazee wenye ndevu? Na koti nyeupe iko wapi?"

"Koti nimeiacha ku laboratwari. Ndevu bado natafuta."

"Na kwenu ni wapi?"

"Walikale."

"Walikale! Muntu wa pori anajua nini ku ngombe?"

"Ngombe naiogopa, kaka. Ukileta moja hapa, nitapanda ju ya meza. Lakini maziwa haina pembe."

Mama Daphrose, aliyeanza kazi pale kabla yetu sote, alikuwa na swali lake. "Na Mungu, mwanangu? Si munasema hayuko?"

"Naimba ku korali, Mama. Siku ya Mungu nitakuimbia."

Papa Bisengimana akamweleza habari ya jibini, kisha habari ya mkono wangu. Nilisubiri yule msichana acheke. Nilisubiri aseme hayo ni mambo ya zamani, muntu wa leo hayaamini.

"Pengine," Agathe alisema. "Sijui bado. Tutaupima."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Kumbe msomi naye alikuja kunishtaki!

"Mimi nazania kosa iko mu maji ya kijito, yale munaoshea vyombo," akaendelea. "Lakini iko wazo tu. Tutajaribu kuangusha wazo yangu na wazo ya Papa, yote mbili."

"Unaangusha wazo yako mwenyewe?" Papa aliuliza.

"Njo kazi yetu. Wazo ikikataa kuanguka, hapo tunaanza kuiamini kidogo."

Tukaanza. Maziwa ya siku ile yalijaza sufuria mbili. Ya kwanza ilijazwa kutoka ndoo za chuma, ya pili kutoka bidoni za njano, yale madumu ya plastiki, kwa sababu ndivyo Rutayisire alivyoyaleta. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Katika kila sufuria, nusu ya jibini niliitengeneza mimi na nusu Mama Daphrose. Visu na kalibu za kuundia jibini, vingine tuliviosha kwa maji ya kijito, vingine kwa maji yaliyochemshwa. Chini ya kila jibini Agathe alibonyeza mbegu. Haragwe lilikuwa alama yangu, na mahindi alama ya Mama Daphrose. Mbegu moja ilimaanisha maji ya kijito, mbili maji yaliyochemshwa.

"Zikikauka, Papa atagonga bila kugeuza," alisema.

"Mbona nisijue ni ya nani?"

"Mana ukijua, sikio yako itasaidia wazo yako. Mimi pia sitagonga. Nataka sana maji njo ikosee."

Tulisubiri siku kadhaa zikauke. Siku moja tulipobaki mimi na Agathe tu, tunaosha meza, nilipata nguvu ya kumwuliza.

"Dada, nyinyi munafanya kazi peke yenu? Kila muntu mu nyumba yake?"

"Peke yangu ningekuwa na sanduku tupu! Nahitaji nyinyi. Na wenzangu ku iniversite wananikatalia kila kitu mpaka niwaonyeshe."

"Haiumize?"

"Inaumiza. Kisha inasaidia."

Siku ilipofika, Papa Bisengimana alinawa, akagonga. Zilizokaa kimya akaziweka kulia. Zilizolia kama ngoma akaziweka kushoto. Halafu Agathe akaanza kuzigeuza zile za kushoto, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Haragwe moja. Yangu.

Ya pili: punje moja ya mahindi.

Ya tatu: maharagwe mawili. Ya nne: punje mbili za mahindi.

"Yesu wangu!" Mama Daphrose alipiga makofi. "Na mukono yangu iko moto! Miaka yote hii nawaunguza!"

Upande wa kulia mbegu zilikuwa zimechanganyika vilevile, zangu na zake. Papa Bisengimana alizigeuza zote mwenyewe, tena mara mbili. Kisha akanitazama, akatazama chini.

Agathe alikuwa anarukaruka na mabuti yake. "Nimekosea! Maji zote mbili zimevimbisha! Wazo yangu imeanguka chali!"

"Huyu ana malaria," Rutayisire alisema.

Sijui swali lilitoka wapi, lakini lilitoka kwa sauti, mbele ya wote: "Dada, ukikosea unafurahi?"

Wote walinigeukia. Hata mimi nilijishangaa.

"Jana tulikuwa na njia mbili za kupotea," Agathe alinijibu. "Leo tumezifunga zote. Sasa bado hii: zilizovimba zinafanana nini?"

Rutayisire alisema ni majani ya msimu huu. Mama Daphrose alisema ni unyevu wa ukuta. Mimi niliziangalia zile nne, nikakumbuka nilipozitoa.

"Ni sufuria ya pili," nilisema. "Maziwa ya bidoni. Ndoo ya chuma naiosha mpaka chini. Bidoni mudomo wake iko mudogo. Mukono hauingii."

"Bidoni yangu nilinunua mwezi ile uliingia hapa, tena iko safi!" Rutayisire aliruka. "Naitia muchanga, naitikisa mpaka bega inauma!"

Papa Bisengimana alikuwa ameshachukua panga.

"Papa! Bidoni yangu!"

"Nitakupa ingine."

Aliipasua kuanzia mdomoni mpaka chini. Pembeni ilikuwa safi kweli. Lakini kwenye uwazi wa mshikio, juu kabisa, pale mchanga haufiki, kulikuwa na utando wa manjano, mnene kama ukoko wa sufuria. Harufu ilitusukuma nyuma wote. Agathe peke yake aliinama na kunusa kama mtu aliyepewa ua. Alikwangua kidogo, akatia kwenye kichupa chake.

"Basi njo yenyewe," Papa alisema.

"Bado. Iko wazo ya Annonciata. Iko muzuri sana. Kwa hiyo kesho tunaiangusha."

Wazo langu! Usiku kucha nilitamani lisimame, na niliogopa kutamani hivyo. Asubuhi Rutayisire alileta maziwa ya ng'ombe walewale, nusu kwa ndoo, nusu kwa bidoni iliyobaki. Jibini zote zilitengenezwa kwa mkono mmoja tu, wangu. Mbegu nilizichagua mimi, mahindi kwa ndoo, haragwe kwa bidoni. Kisha Mama Daphrose akazichanganya kwenye rafu huku mimi nimetoka nje, ili uso wangu usimwambie Papa kitu.

Zilipokauka, Papa aligonga. Kimya. Kimya. Ngoma. Kimya. Ngoma. Ngoma.

Safari hii waliniachia mimi kugeuza. Kushoto: haragwe, haragwe, haragwe. Kulia: mahindi, mahindi, na ya mwisho niliigeuza nimefumba macho.

"Mahindi!" Mama Daphrose alipiga vigelegele.

"Imekataa kuanguka!" nilipiga kelele, mimi, nikamrukia Agathe shingoni.

"Tutairudia tena," Agathe alicheka, "mara nyingi."

Papa Bisengimana alifuta panga lake polepole ingawa halikuwa na uchafu.

"Rutayisire, kuanzia kesho ni ndoo tu." Akakohoa. "Na wewe mwanangu, kesho uje mapema. Huo mukono, uje nao."