Simu Isiyodukuliwa

Fundi wa simu Anselmo alifika asubuhi kwenye gazeti dogo la mji wa Xalapa, akazipima simu za waandishi wote. Kufikia adhuhuri alikuwa na jibu: simu ya mwandishi kijana Yunuén ilikuwa imedukuliwa mara kumi na moja.

"Lakini mimi sibofyi ovyo!" Yunuén alilalamika.

"Hukubofya kitu, dada. Ujumbe uliingia kimyakimya, ukafungua mlango, ukajifuta. Tangu hapo wanasoma kila kitu, na maongezi yako wanayasikia."

"Na yangu?" aliuliza mwenzake Eréndira.

"Yako safi. Haina hata doa."

Mwingine angemshukuru Mungu. Eréndira alihisi kijicho, maana wakubwa hudukua simu ya mwandishi wanayemwogopa. Miaka kumi na tisa ya uandishi! Yeye ndiye aliyefichua daraja lililojengwa kwenye karatasi tu. Yunuén ana miaka mitatu kazini, na bado humuuliza majina ya mawaziri yanavyoandikwa. Kesho redio za nje zitampigia, na tayari wenzake wamemzunguka kama bibi harusi.

"Pima tena," alimnong'oneza Anselmo.

"Nimeshapima mara mbili."

"Ya tatu basi. Labda wamejificha vizuri."

Anselmo akacheka. "Mama, watu hulia nikiwaambia wamedukuliwa. Wewe ndiye wa kwanza kununa kwa kukosa!"

Eréndira akakimbilia chooni kuficha uso. Huko akamkuta Yunuén, aliyewatoroka wenzake, ameinamia sinki, macho mekundu.

"Nina mimba ya wiki tisa," Yunuén alisema. "Hata mama sijamwambia. Nimezungumza na daktari tu, kwa simu ileile. Watu nisiowajua wamejua kabla ya mama yangu." Akanyoosha mkono. "Niazime yako nimpigie mama, dada. Yako haina masikio ya watu."

Eréndira akampa, akasimama mlangoni kuzuia wasiingie wengine. Nyuma yake Yunuén alikuwa akiongea na mama yake, akilia na kucheka kwa pamoja. Alimwonea huruma, tena ya kweli. Lakini kile kijicho hakikuyeyuka chote. Alikionea aibu, nacho kikabaki palepale.

"Hongera," alisema aliporudishiwa simu. Neno lilikuwa zito kulitoa.

Habari ya udukuzi ule Eréndira ndiye aliyeiandika, ukurasa mzima, jina la Yunuén likiwa juu kwa herufi kubwa. Alilifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Mimba hakuitaja.