Vitambaa vya Madirishani
Nilipoingia darasani asubuhi ile, madirisha yalikuwa matupu.

“Vitambaa viko wapi?”

“Tumevifua, Mwalimu,” kiranja akajibu, kifua mbele. “Si wageni wanakuja leo? Vilikuwa vinatia aibu.”

Salaala! Mwezi mzima tulitundika vitambaa vyeupe vilivyopakwa mafuta ya kujipaka, vinase masizi. Kila kiangazi kampuni ya mashamba huchoma pori, moto unawashinda, na moshi wote unatushukia sisi wa bondeni. Dada yangu anafundisha shule ya mlimani, wanakoishi wakubwa wa kampuni. Vyake alivyotundika vilibaki vyeupe pe. Vyetu vilikuwa kama matambara ya fundi baiskeli. Ndio ushahidi wetu huo, na watoto wangu wameufua kwa sabuni, wakausuuza na kuuanika.

Nikameza hasira. Shule nzima wamefundishwa kwamba mgeni hapokelewi na uchafu, sasa ningemgombeza nani?

Dawati la mbele Kasuku alikuwa akihema. Tulimpa jina hilo kwa domo lake. Siku hizi maneno matatu tu yanamkata pumzi. Afisa mazingira alikuwa anakuja kuiongezea kampuni muda wa kibali cha kuchoma pori, na mama yake Kasuku alishaniambia kikiongezwa anamwachisha mtoto shule, ampeleke mbali kwa bibi yake.

Afisa akafika na meneja wa kampuni. Pori lilikuwa linawaka tangu alfajiri.

“Ukungu wa asubuhi tu huu,” meneja akasema. “Ushahidi uko wapi, Mwalimu?”

Mkuu wa shule, aliyewaleta darasani, akanikanyaga mguu ninyamaze. Ninyamaze mimi?

“Umefuliwa,” nikasema.

Wakacheka mpaka machozi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sikuinamisha kichwa.

Kasuku akainuka, akatoka nje, akaenda nyuma ya darasa kwenye kamba ya nguo, akarudi na kitambaa kibichi bado. Akamwekea afisa mkononi.

“Tumefua asubuhi hii,” akasema, akaketi kutafuta pumzi.

Afisa akakipangusa kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi. Akakitazama, akamtazama mtoto, kisha akarudisha kalamu mfukoni bila kutia saini.

“Utajuta, Mwalimu,” meneja akaninong'oneza.

“Nitajuta huku napumua,” nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka getini.

Walipoondoka, kiranja akaja mbio na ndoo.

“Mwalimu, vimechafuka tena. Tuvifue?”

“Ole wako uviguse!”